Kidoti Ahama Kanisa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kidoti alipaswa kumwaga beseni. Hiyo ndiyo kazi aliyoichukia kuliko zote. Kuchota maji hakukumsumbua. Kufagia ua hakukumsumbua. Hata kumsaidia mama yake, aliyekuwa dobi, kukamua shuka nzito za nyumba ya wageni alikuwa tayari. Lakini beseni la bibi lilimchafua roho.

Bibi huyo, mama mzazi wa baba yake, alikuwa na kidonda mguuni. Kilianza kama lengelenge dogo la kubanwa na kiatu. Kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa kisukari, lengelenge halikupona. Lilipasuka, likachimbika, likawa shimo linalotoa usaha. Mama alikiosha kila alfajiri kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kisha akaenda kuwasha mkaa wa pasi yake. Kumwaga maji machafu na kuloweka bendeji ilikuwa zamu ya Kidoti. Maji yale yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, na juu yake vilielea vitu ambavyo hakutaka kuvitazama. Yalinuka kama nyama iliyosahauliwa katika sufuria yenye mfuniko. Harufu iliingia kwenye mapazia, kwenye viti, kwenye nywele zake. Darasani alikuwa akinusa vidole vyake kwa siri, akiogopa kwamba wenzake nao wanainusa.

Nyumba ilikuwa ndogo. Bibi alilala sebuleni, na hapo hapo sebuleni ndipo walipokula. Kidoti alijifunza kula huku amegeukia ukuta. Bibi aliona, ila hakununa. Alikuwa mtu wa maneno, na kwa utani wa bibi na mjukuu alimwita binti huyo mke mwenzake.

"Mke mwenzangu," alimwambia siku moja, "mbona leo umenizunguka kwa mbali kama umeona nyoka? Mimi bado ni mtu."

Kidoti alijitia hakusikia, akatoka nje kuvuta pumzi.

Familia ilikuwa ya Wakatoliki. Jumapili walikwenda Misa ya kwanza, na kwa maoni ya Kidoti Misa ilikwisha upesi mno. Kabla jua halijawa kali walikuwa wamerudi nyumbani, na nyumbani kulikuwa na kidonda. Alhamisi jioni wanajumuiya wenzao, Wakatoliki wa mtaa ule, walikuja kusali pamoja na bibi. Aliyewaongoza alikuwa katekista, mzee mrefu mwenye mikono mikubwa. Kidoti hakuwahi kukaa nao. Akisikia hodi tu, alinyakua ndoo na kwenda bombani, na huko alipiga soga mpaka awaone wanaondoka.

Shuleni aliketi dawati moja na binti wa fundi saa. Familia ya fundi saa ilisali katika kanisa la Kiprotestanti lililokuwa mwisho wa barabara, na binti huyo aliimba kwaya ya vijana. Alikuwa akisifia nyimbo zao kila mara. Alisema mazoezi yanaanza baada ya shule, kwamba ibada ya Jumapili inafika mchana, na baada ya ibada wanakunywa chai, kisha wanaimba tena mpaka jioni. Rafiki yake alikuwa anamsimulia nyimbo. Kidoti alikuwa anahesabu muda ambao hatakuwa nyumbani.

Alikwenda mara ya kwanza, akapenda. Nyimbo zilikuwa nzuri kweli, na sauti yake ilisifiwa. Kanisa lilinukia dawa ya kung'arishia mbao. Alikwenda mara ya pili, na ya tatu. Halafu jioni moja, wakati wa chakula, alitangaza kwamba anahama.

"Nimeguswa na Neno," alisema. "Mungu ameniita kule."

Maneno hayo hayakuwa yake. Aliyaokota kwenye kwaya. Baba yake, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma na mtu wa maneno machache, aliweka kijiko chini akamuuliza kama Mungu wa kanisa lao amepoteza sauti hata ashindwe kumwitia pale pale. Mama alitaka kujua ni neno gani hasa lililomgusa. Kidoti akainamisha kichwa ili aonekane mtu wa sala. Mabishano yakaanza. Aliyeyamaliza ni bibi kutoka kitandani. Alisema kwamba hata yeye alizaliwa na kubatizwa upande ule, akahamia huku alipoolewa, na moyo wa mtu si mbuzi wa kufungwa kamba. Baba akakubali, ila kwa shingo upande.

Mtaani habari ilienea. Upande mmoja walisema mtoto wa dobi amepotea, amenunuliwa kwa chai. Upande mwingine walisema amepatikana, ameokolewa kutoka kwa sanamu. Walibishana bombani, walibishana dukani, hata watu ambao wenyewe hawakanyagi kanisani walikuwa na la kusema. Hakuna aliyeuliza beseni sasa linamwagwa na nani.

Lilikuwa linamwagwa na mama. Aliamka mapema zaidi na kulala akiwa amechoka zaidi, na mara moja aliunguza shati la mteja kwa sababu usingizi ulimwiba akiwa amesimama na pasi mkononi. Kidoti aliliona lile shati. Siku hiyo hiyo alikwenda mazoezini.

Ikafika Jumapili ya vijana. Mwalimu wa kwaya aliwaita mbele watu wote waliojiunga mwaka ule, akawaomba watoe ushuhuda wa kwa nini wamekuja. Alianza mshona nguo mmoja. Alisema amemfuata mume wake, basi. Watu wakasema amina, ila amina ya kawaida. Akafuata mwashi mmoja aliyesema kwamba kule alikotoka alikaa benchi la nyuma miaka mingi na hakuna aliyejua jina lake, lakini huku aliulizwa jina siku ya kwanza. Watu wakapiga makofi kidogo.

Zamu ya Kidoti ilipofika, kanisa zima lilimtazama. Aliona kwamba akisema amependa nyimbo, atapigiwa makofi kidogo kama mwashi. Alitaka zaidi.

"Nyumbani kwetu bibi yangu ni mgonjwa," alianza, na mpaka hapo alikuwa anasema kweli. Kanisa likanyamaza. Ule ukimya ulimtia hamu. "Anaoza kitandani. Na hakuna hata mtu mmoja wa kanisa tulilotoka aliyewahi kuja kumwona. Wao wanajua sanamu zao tu. Ndiyo maana nimehama."

Wanawake wawili walilia. Mtu alipaza sauti akisema Bwana asifiwe, na makofi yakapigwa mpaka mabati yakavuma. Binti wa fundi saa alimkumbatia. Kidoti alirudi kwenye kiti chake akiwa amesisimka mwili mzima, na kwa muda mfupi alikaribia kuamini kwamba aliyoyasema yalitokea.

Ndipo mchungaji aliposimama, macho yamemlowa. Alisema kwamba kama wengine wamemtupa mama yule, wao hawatamtupa. Alhamisi jioni watakwenda kumwona, na wataandamana na mama mmoja muuguzi wa hapo kanisani.

Baada ya ibada Kidoti alimfuata mchungaji, akamwambia bibi hapendi wageni, tena ingekuwa vizuri waje Jumamosi. Mchungaji alimshika bega kwa huruma, akamjibu kwamba mgonjwa hawekwi kiporo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kidoti ilikuwa fupi kama barabara ile ya kutoka kanisani mpaka kwao. Alhamisi alitangulia mbele ya mchungaji, mwalimu wa kwaya na muuguzi, akitembea polepole, akiomba kwa Mungu wa makanisa yote mawili kwamba Wakatoliki wawe wamechelewa.

Hawakuwa wamechelewa. Harufu iliwapokea mlangoni, nzito kuliko siku zote. Mwalimu wa kwaya alitoa kitambaa upesi, akajiziba pua. Ndani, katekista alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko. Kisigino cha bibi kilikuwa kwenye kiganja chake. Mwanajumuiya mmoja, mama mnene mwenye miwani, alikuwa anamimina maji taratibu juu ya kidonda, na usaha ulikuwa unachuruzika ndani ya beseni. Pembeni mama yake Kidoti alikuwa anapiga pasi.

Walisalimiana. Mwalimu wa kwaya alijibu salamu nusu, akatoka mbio, na wote wakamsikia akitapika nyuma ya ukuta.

Katekista hakuinua kichwa. Alisema kwa upole kwamba wasimcheke kijana wa watu, maana hata yeye siku za mwanzo alikuwa akitapika vivyo hivyo.

Mchungaji alibaki amesimama, kofia mkononi. Alisema anashukuru kuwakuta, maana alikuwa ameambiwa kwamba mgonjwa huyu hana anayemtembelea. Akauliza kama hii ndiyo siku yao ya kwanza.

Mama mwenye miwani alicheka kicheko kikavu. "Siku ya kwanza? Bendeji hizi tumezifua mpaka zimechakaa. Nani amekwambia hatuji?"

Mchungaji alimgeukia Kidoti. Hakuwa mtu wa kuficha jambo. Alirudia yote yaliyosemwa kanisani, neno kwa neno, kwamba hakuna aliyewahi kufika, kwamba wanajua sanamu zao tu. Alirudia hata lile la kuoza.

Kidoti alizisikia sentensi zake zikitoka katika kinywa cha mtu mwingine, na bibi akiwa pale pale, mguu wake ukiwa mkononi mwa mzee aliyesemwa kwamba hajafika. Kichefuchefu kilimpanda, na safari hii hakikuletwa na kidonda.

Mama aliweka pasi kwenye kibao. Alimtazama binti yake kama mtu aliyefungua debe la unga akakuta funza. Mtazamo ule Kidoti hakuwahi kuuona usoni mwa mama yake. Ingekuwa nafuu apigwe.

"Wamefika wote," mama alisema. "Waambie kwa nini ulihama."

Kidoti alirudi nyuma hatua moja kuelekea mlangoni.

"Si una ushuhuda? Utoe."

"Nilikuwa nakimbia harufu," Kidoti alisema, kwa sauti ndogo iliyosikika chumba kizima.

Bibi alianza kucheka. Alicheka mpaka kitanda kikatikisika na katekista akalazimika kuushikilia mguu vizuri. "Mke mwenzangu," alisema, "hata mimi ningekuwa na miguu mizima ningeikimbia."

Hakuna mwingine aliyecheka. Na bibi mwenyewe, kicheko kilipomwisha, alifuta macho kwa ncha ya kanga. Alisema kwamba alijua tangu mwanzo, tangu siku mjukuu wake alipoanza kula akiwa amegeukia ukuta. Hilo alimsamehe zamani. "Lakini kuwasingizia watu hawa," alisema, "wanaoshika mguu ambao wewe wa damu yangu huwezi kuutazama? Hilo halinipiti kooni."

Mchungaji aliinama akamwomba katekista radhi. Alisema kosa si la mtoto peke yake. Ubaya wa jirani ni habari tamu, na yeye aliimeza bila kuitafuna. Kisha, akionekana kuona aibu, akaongeza kwamba yeye mwenyewe alilelewa Mkatoliki. Aliondoka akiwa kijana kwa sababu aligombana na kiongozi wa kwaya, akanuna, akahama. Baadaye alikuja kulipenda kweli kanisa alilolikuta, lakini kwa miaka mingi kila alipoulizwa alisema ni kwa ajili ya Biblia, maana jibu hilo lilipokewa kwa makofi.

"Wakija kwetu kutoka kwenu, nasi hatuulizi," katekista alimjibu. "Tunafurahi kwamba tumewapunguza."

Wakati hayo yakiendelea, muuguzi hakuwa akisikiliza. Alikuwa amevaa glavu, amepiga magoti kando ya katekista, anachunguza kingo za kidonda. Alimuuliza bibi mara ya mwisho amekwenda hospitali lini. Bibi alisema anaendelea vizuri, hospitalini wamemwambia apumzike nyumbani. Muuguzi alibonyeza ngozi iliyokuwa nyeusi karibu na kidole.

"Mama, hapa unasikia ninavyokugusa?"

Bibi akatikisa kichwa.

"Nyama hii imekufa," muuguzi alisema. "Ndiyo maana inanuka hivi hata ikioshwa kila siku. Nani alikwambia upumzike?"

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba hakuna aliyemwambia. Bibi aliogopa kukatwa mguu, kwa hiyo aliacha kwenda kliniki na kuwadanganya wote wa nyumbani. Mama yake Kidoti aliketi juu ya rundo la nguo za watu. Siku zote hizo alikuwa anaosha kidonda kilichokuwa kinaoza mbele yake, na akiuliza anaambiwa hakuna neno. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwa bibi kifo kilikuwa kimeshafika kidoleni.

Hawakungoja kesho. Katekista na mchungaji walimbeba bibi kwenye kiti, mmoja mbele na mwingine nyuma, mpaka kwenye gari la jirani. Mwalimu wa kwaya alibeba godoro, bado amejiziba pua kwa bega. Hospitalini waliondoa nyama iliyokufa na kidole kimoja, wakambadilishia dawa za sukari. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, mguu wote ungekwenda.

Jumapili iliyofuata mama alimwamuru Kidoti avae vizuri. Alimwambia kwamba uongo unafutwa mahali ulipoandikwa. Akaenda naye mwenyewe, akakaa benchi la nyuma katika kanisa ambalo hakuwa amewahi kuingia. Kidoti alisimama mbele akasema kwamba wanajumuiya walikuwa wanakuja kila Alhamisi, kwamba yeye ndiye aliyekuwa hayupo, na kwamba alihama kwa sababu hakutaka kumwaga beseni. Hakuna aliyepiga makofi. Wale wanawake waliolia kwa ajili yake walitazama sakafu, na binti wa fundi saa alijifanya anatafuta ukurasa katika kitabu cha nyimbo. Ilikuwa chungu. Aliporudi kuketi karibu na mama yake, mama alisogea kidogo kumpa nafasi, basi.

Kutoka hapo alikwenda kwa katekista kuomba radhi. Mzee hakumhutubia. Alimwambia kwamba bibi akirudi kutoka hospitali, Alhamisi kazi ya kuosha kidonda wataianza na yeye.

Na kweli walianza na yeye. Muuguzi naye alikuwa anafika siku hizo, na ndiye aliyemfundisha: kunawa kwa sabuni mpaka viwikoni, kuvaa glavu, kumimina maji safi bila kusugua, kukausha kwa kupapasa, kufunga bendeji bila kukaza, na kutupa kilichotumika ndani ya mfuko uliofungwa. Siku ya kwanza Kidoti alitapika. Muuguzi alimngoja amalize, akamwambia kwamba pua haina adabu wala dini, na kuona kinyaa si dhambi. Kinachohesabiwa ni kama baada ya kutapika umerudi ndani. Kidoti alirudi. Kidonda, kwa kuwa sasa kilitibiwa sawasawa, kilianza kujaa nyama nyekundu na harufu ikapungua hadi ikawa ya dawa tu. Mwisho wa mwaka bibi alikuwa anatembea uani kwa fimbo na kumtania kila apitaye.

Jioni moja Kidoti alikuwa anamsaidia mama yake kukunja nguo. Alimuuliza ni katika kanisa gani sasa anapaswa kusali. Alikiri kwamba alihama kwa uongo, lakini nyimbo za kule anazipenda bila uongo wowote, na kwamba hajui afanye nini.

Mama alinyunyizia shati maji kwa vidole, akapitisha pasi kwenye kola kabla ya kumjibu.

"Watu wanahama, mwanangu, na wataendelea kuhama," alisema. "Bibi yako alihama kwa ndoa, na yule mwashi alihama kwa upweke. Wengine wanatafuta uponyaji, wengine wamegombana tu. Hilo la kuhama mimi silichukii. Nilichochukia mpaka nikashindwa kukutazama ni kwamba ulitaka kuondoka ukiwa msafi, ukaona njia rahisi ni kuwapaka uchafu waliobaki. Siku ukitaka kuhama tena, tafuta kwanza sababu ambayo unaweza kuisema huku unawatazama usoni wale unaowaacha. Ukiipata, njoo uniambie. Joho la kwaya nitakupigia pasi mimi mwenyewe. Usipoipata, kaa nasi huku."

Kidoti alichukua shuka nyingine, akaikunja, akaanza kuitafuta hiyo sababu.